Ndege wa njano mwenye mkufu mweusi, Bagamoyo: simu inasema ni wa Marekani, nisaidieni

Mtoto_wa_Kaole

Wakuu salaam, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa wanaojua ndege maana mi nimekwama wiki nzima na kitu chenyewe kimenikaa moyoni.

Mjomba wangu ana ng'ombe wachache upande wa Kerege, ukitoka barabara kubwa unaingia ndani kama nusu saa kwa mguu unakuta uwanda wa majani uko wazi, una mikoche mmoja hapa mmoja kule na vichaka vidogo vidogo. Jumamosi iliyopita nlikwenda kumsaidia kuchunga kwa sababu mwanawe alikuwa anaumwa, sasa asubuhi kwenye saa moja umande bado upo nikasikia mluzi, mluzi mmoja unapanda juu kisha kimya, unatulia kidogo unausikia tena. Nikatafuta nikamwona juu kabisa ya kichaka. Wallahi nimezaliwa hapa nimekulia hapa na sijawahi kumtazama ndege yule kwa karibu vile. Kifua njano, ile njano ya kiini cha yai la kienyeji, na shingoni kavaa kama mkufu mweusi mpana umeanzia pembeni mwa mdomo umeshuka ukamzunguka koo mpaka ukakutana kifuani. Alafu akageuka akanipa mgongo, na hapo nikampoteza! Hakuruka jamani, yuko palepale, ila mgongo wote ni kahawia una michirizi kama majani makavu, ukipepesa macho humwoni tena. Akashuka majanini akaanza kutembea, anatembea kweli hatua kwa hatua, harukiruki kama shomoro. Nilipomkaribia akaruka mbele yangu, mkia ukafunguka una weupe kwenye pembe zote mbili.

Nina picha tatu, mbili za huyo na moja ya mwingine aliyekuwa karibu yake, amefifia fifia hana njano ya maana. Nikaziweka zile mbili nzuri kwenye programu ya simu ya kutambua ndege, ikanijibu bila kusita kwamba ni Sturnella magna, ndege wa majani wa Marekani. Nikaenda kutazama picha zake nikashangaa, wanafanana haswa, kifua njano, alama nyeusi kifuani, mgongo wa michirizi, mkia mweupe pembeni, na yeye anakaa uwandani.

Sasa swali langu, amefikaje Bagamoyo? Kuna mtu alikuwa anamfuga akaponyoka, au kuna ndege wanavuka bahari kutoka huko? Mjomba ananiambia ndege huyo yupo tangu yeye hajaota ndevu, wao wanamwita ndege wa majanini basi, habari za Marekani hazijui.

Zinga_Sokoni

Mnana huyo mkuu. Wako tele kwenye minazi hapa Zinga wanafuma viota vinaning'inia. Njano na nyeusi ndo wenyewe.

Mtoto_wa_Kaole

Hapana kaka, mnana namjua vizuri, mnana mdomo wake mnene wa kula mbegu na hatembei majanini peke yake namna ile. Huyu mdomo mwembamba na mrefu kidogo, na mwili mkubwa, kamzidi hata shore. Nilimwona na panzi mdomoni.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, mjomba wako yuko sahihi na simu imekosea, na kosa lenyewe ni zuri sana kulielewa, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo maana nilifundisha biolojia miaka mingi na ndege huyu nilikuwa nawapeleka wanafunzi kumwona.

Huyo ni Macronyx. Jina ni la Kigiriki, maana yake kucha ndefu, na ukitaka kujua kwa nini utazame kidole chake cha nyuma, ukucha wake umerefuka kupita kiasi, mwembamba umenyooka. Anatembea juu ya mashina ya majani yaliyolala, na miguu yenye kucha namna hiyo inatawanya uzito asizame. Wapo wa aina kama nane hivi na wote ni wa Afrika tu kusini ya Sahara, hayupo hata mmoja Ulaya wala Asia wala Marekani. Kiukoo ni wa Motacillidae, yaani ndugu zake ni wale ndege wembamba wanaotikisatikisa mkia kwenye madimbwi na nyuma ya ng'ombe, na wale wadogo wa kahawia wa majanini wanaoitwa Anthus. Yule wa Marekani ni wa ukoo mwingine kabisa, Icteridae, na ukoo huo wote asili yake ni bara la Amerika peke yake. Ukiwatafutia babu wa pamoja hawa wawili inabidi urudi nyuma mno.

Sasa kwa nini wanafanana hivyo? Kwa sababu kazi yao ni moja na nyumba yao ni moja. Ndege mkubwa kidogo anayeishi uwandani kwenye majani, anayelisha chini, anayetaga chini, mgongo wake lazima ufanane na majani maana mwewe anamwona kutoka juu. Lakini akipanda kichakani kuimba anataka mwenzake amwone, basi anageuza kifua. Njano na nyeusi vinaonekana mbali sana kwenye majani ya kijani. Na ule weupe wa mkia unaonekana anaporuka tu, akitua anaufunga unapotea. Uwanda wa kule umemtengeneza mmoja na uwanda wa huku umemtengeneza mwingine, kila mmoja kutoka kwa wazee wake, wakafika mahali pamoja.

Na usiione simu yako kuwa mjinga. Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, aliwapata wote hawa. Yule wa Marekani alimwita Alauda magna mwaka 1758. Mwenzake huyu wako, yule wa huko Afrika Kusini, akamwita Alauda capensis mwaka 1766. Wote wawili kawaweka chungu kimoja, pamoja na wale ndege wadogo wa kahawia wanaoimba wakiwa wananing'inia angani. Alikuwa anatazama ngozi zilizokaushwa na michoro iliyoletwa kwa meli, hakumwona hata mmoja akitembea majanini. Jenasi ya Macronyx, yaani kundi lao la peke yao, ilikuja kutengwa na Mwingereza Swainson mwaka 1827. Kwa hiyo simu imerudia kosa la mtu mkubwa sana, na kwa sababu ileile, imetazama rangi.

Hebu niambie, ulipoweka picha uliiambia uko wapi?

Mtoto_wa_Kaole

Shikamoo mwalimu. Nashukuru sana sana, nimesoma mara tatu. Lokesheni nilikuwa nimeizima kuokoa chaji. Nimeiwasha sasa hivi nikarudia picha zilezile, imeleta majina mawili, Macronyx croceus na Macronyx aurantiigula, la kwanza ndo imeliweka juu.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeona. Mahali ndege alipoonekana ni nusu ya jibu, na nyie vijana ndiyo mnayaacha ya kwanza. Siku zote andika mahali, saa, na alikuwa anafanya nini, kabla hata ya rangi.

Kijana_wa_Bweni

Naomba niingie hapo kwenye majina mawili. Mimi natokea Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na huyo wa pili aurantiigula ndo ndege wetu, Kiingereza chake kinabeba kabisa jina la Pangani. Kaandikwa kitaalamu na Mjerumani Reichenow mwaka 1891. Kwa hiyo kwa pwani hii ya kwetu kuanzia Pangani kushuka Saadani mpaka huko Bagamoyo mi naona huyo ndo anayetakiwa kuwa, na ile picha ya tatu ya ndege aliyefifia ndo inanipa uhakika, maana nimesoma kwamba wa Pangani ana michirizi zaidi na njano yake imepungua. Mkuu weka picha zote tuzione.

Mtoto_wa_Kaole

Picha zimeshapanda kaka. Ya kwanza na ya pili ni ndege mmoja, ya tatu ni yule mwingine aliyefifia.

Guide_Saadani

Nimeziona picha. Kazi yangu ni kutembeza wageni Saadani na miaka minne nyuma nilikuwa Mkomazi, kwa hiyo hawa wawili nimewaona wote na watu wananiuliza swali hili karibu kila msimu. Kaka wa Bweni nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe, na nitasema kwa nini.

Kwanza jina. Ndege akiitwa wa Pangani haina maana anakaa Pangani mjini. Mto Pangani ni mrefu, unaanzia huko Kilimanjaro na Meru unapita kwenye nyika kavu kabisa kabla haujafika baharini. Na huyu aurantiigula ni wa nyika kavu, majani mafupi na miba, ukanda wake unatoka kusini ya Somalia unapita mashariki ya Kenya unaingia kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mkomazi unampata vizuri. Croceus anapenda majani yenye unyevu kidogo, miti imetawanyika, hata pembeni mwa mashamba, na ukanda wake ni mkubwa mno, kutoka Senegal mpaka Afrika Kusini. Uwanda wa Kerege wenye mikoche na umande wa mpaka saa mbili asubuhi, kwanza kabisa nafikiria croceus. Lakini kufikiria siyo kuthibitisha, kwa hiyo tutazame mwili.

Tazama ya pili pale aliposimama ubavu. Wengi wanakazania koo, njano kwa croceus na chungwa kwa aurantiigula, na koo linadanganya, maana jua la asubuhi linageuza njano kuwa chungwa, mimi mwenyewe limeshanidanganya mbele za wageni. We shuka chini tazama tumbo na mbavu. Croceus njano inaendelea moja kwa moja, kifua, tumbo, inazunguka mpaka mbavuni, kama mtu aliyemwagiwa rangi. Aurantiigula njano inabaki katikati ya tumbo tu, mbavuni anakuwa mweupe mweupe wa vumbi na michirizi, na ule mkufu mweusi unakuwa mwembamba zaidi. Sasa kwenye picha mkufu ni mpana, unaziba kabisa, na mbavu ni za njano mpaka chini ya bawa. Huyo ni croceus, sina shaka.

Ya tatu ndo yenye kazi, na hapo naelewa kwa nini kaka wa Bweni kaona alichokiona. Koo halina njano, kifuani badala ya mkufu kuna mstari wa madoa na michirizi, tumbo limefifia. Ila naomba mwenye picha aniambie kitu kimoja, huyo ndege wa tatu alikuwa anafanya nini? Na mdomo wake pembeni ulikuwaje?

Kijana_wa_Bweni

Hapo kwenye mto umenipata, sikufikiria kwamba mto una kule juu pia. Sisi tukisema Pangani tunamaanisha huku mdomoni unapokutana na bahari. Ila ya tatu bado naingoja.

Mtoto_wa_Kaole

Kaka wa Saadani swali lako limenifanya nikae chini nikumbuke. Yule wa tatu alikuwa chini kwenye tuta la mchwa la zamani lililoota majani, amejikunyata, na yule wa njano nilimwona na panzi mdomoni kama nilivyosema, sasa sikuunganisha wakati ule lakini alishuka palepale kwenye tuta, na nikasikia kelele ndogo za haraka haraka. Pembe za mdomo nimekuza picha, zina kama ngozi laini ya njano iliyotokeza.

Guide_Saadani

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Hiyo ngozi ya pembeni mwa mdomo ni ya mtoto aliyetoka kiotoni karibuni, bado analishwa. Kinda wa croceus hana mkufu kamili, ana michirizi tu inayofuata njia ya mkufu, na njano yake haijakolea. Ukimwona peke yake bila mzazi unaweza kuapa kabisa kwamba ni aurantiigula. Nimeshaona watu wazima wamebeba darubini za bei mbaya wanaandika kumbukumbu isiyo sahihi kwa sababu ya kinda mmoja.

Kijana_wa_Bweni

Nimekubali, na nashukuru mmenieleza kwa upole. Kesho nikienda Mkwaja naanza kutazama mbavu.

Mwalimu_Mstaafu

Kijana wa Bweni usijisikie vibaya, umetaja kitu ambacho hata mimi kilinifundisha. Reichenow aliandika 1891, na mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanayahamisha makao yao kutoka hapa Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Alikuwa Berlin kwenye jumba la makumbusho, ndege wanamfikia wakiwa wamekaushwa na kufungwa kadi mguuni, na mara nyingi kadi inasema mto tu au pwani tu. Ndiyo maana mpaka leo jina linatuvuta mahali ndege hayupo.

Nyongeza kuhusu majina maana nayapenda. Croceus ni rangi ya zafarani, zafarani hiihii ya kwenye biriani ya harusi. Mfaransa Vieillot ndiye aliyempa mwaka 1816, naye pia alimwita Alauda kwanza. Aurantiigula ni koo la chungwa. Tuna wengine nchini, fuelleborni wa nyanda za juu kusini, huyo naye ni wa Reichenow, 1900, alipewa jina la daktari wa Kijerumani Fülleborn. Yupo ameliae mwenye koo la waridi, anapenda majani yenye maji. Na Kenya kuna sharpei anayepatikana huko peke yake duniani, kwenye majani ya nyanda za juu, na yumo kwenye orodha ya walio hatarini kwa sababu majani yake yamelimwa.

Huyo sharpei anaonyesha kwamba kazi ya kuwapanga ndege bado inaendelea. Baada ya wataalamu kulinganisha DNA, orodha nyingine zimemtoa kwenye Macronyx zikamweka Hemimacronyx, pamoja na ndege mdogo wa Afrika Kusini, chloris, aliyekuwa anahesabiwa kuwa Anthus. Yaani huyu wa Afrika Kusini kwa macho ukimwona hutasema ni jamaa wa kucha ndefu, lakini damu inasema. Macho yalimdanganya Linnaeus na bado yanatudanganya sisi.

Zinga_Sokoni

Mwalimu shikamoo. Mi niliyesema mnana nimejifunza kitu leo. Swali dogo, huku Zinga nyuma ya ng'ombe kuna ndege wadogo wembamba wa njano wanakimbia kimbia kwenye kwato, mkia haupumziki. Hao ni watoto wa huyu?

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Hao ni ndugu wa ukoo lakini siyo watoto wake, ni Motacilla flava. Hao ndio wageni wa kweli, wanataga Ulaya na Asia, wanatufikia kwenye Oktoba na ikifika Aprili wanaanza kuondoka. Kwa hiyo ukimwona mwembamba wa njano nyuma ya ng'ombe mwezi wa kwanza, huyo kasafiri. Kucha ndefu yuko hapa mwaka mzima, hatoki. Na hana mkufu yule mdogo, ukiona mkufu mweusi ujue ni kucha ndefu.

Guide_Saadani

Na kwa watakaokwenda nyika kavu kuna mwingine wa kuchanganya, Tmetothylacus tenellus. Dume lake ni njano kali na ana mstari mweusi kifuani, mtu anaona anasema kucha ndefu. Ila ni mdogo sana, na akiruka mabawa yote yanawaka njano kama kiberiti, wakati kucha ndefu bawa lake juu ni kahawia tu. Pia mrukaji tofauti, kucha ndefu anapiga mabawa machache magumu magumu kisha anateleza, anapiga tena anateleza, hata ukiwa mbali huoni rangi unamjua kwa mruko. Akiwa anaimba wakati mwingine anapanda juu polepole amefungua mkia anashuka hivohivo.

Mtoto wa Kaole nakuomba kitu, rekodi hiyo usiiache ikafia kwenye simu. Kuna Atlasi ya Ndege wa Tanzania inakusanya kumbukumbu za kila mtu, siyo za wataalamu peke yao. Tarehe, mahali, idadi, na hapo una kitu kikubwa kuliko kuonekana tu, una ushahidi kwamba anazaliana hapo. Majani ya karibu na barabara ya Bagamoyo yanapungua kila mwaka na mahali pengi hakuna mtu aliyewahi kuandika kilichokuwepo.

Mtoto_wa_Kaole

Hilo la majani kupungua kaka ndo lililonifanya niandike mpaka hapa kwa kweli, ila sikutaka kulianza mwanzoni. Ule uwanda umeshapimwa. Kuna vigingi vya saruji vimechomekwa mstari mmoja unapita kama hatua thelathini kutoka kwenye lile tuta la mchwa, na mjomba kaambiwa ng'ombe watafute pengine kabla ya mwaka kuisha. Sina ninachoweza kufanya kwenye hilo, ardhi siyo yetu na waliouziwa wana haki yao. Ila nilikuwa naumia kwamba majumba yatajengwa pale na hakuna hata mtu mmoja atakayejua kulikuwa na nani. Sasa angalau najua jina lake.

Mwalimu_Mstaafu

Umeniumiza moyo mwanangu lakini umefanya jambo la maana. Nina ombi. Rudi pale kabla majani hayajakauka, ukae mbali na tuta, usilisogelee, maana mama akiona unalitazama hatashuka na chakula na kinda atashinda njaa. Kiota chao kinakuwa chini, kikombe cha majani kimefichwa kwenye shina la majani, mtu anaweza kukikanyaga bila kujua. Na umwulize mjomba, huwa anachoma majani lini?

Mtoto_wa_Kaole

Mrejesho wakuu, samahani nimekawia, bando liliisha.

Nimerudi Kerege jana. Nilifika saa kumi na mbili kamili nikakaa chini ya mkoche mbali kidogo na tuta nikiwa nimevaa nguo ya kahawia. Kwa nusu saa hakuna kitu, alafu mluzi ukaanza. Akatua kwenye kisiki kilichoungua, siyo mbali na mimi, na jua lilikuwa linatokea nyuma yangu. Safari hii sikutazama kifua. Nilitazama mguu. Mwalimu, ule ukucha wa nyuma! Ulikuwa umelala juu ya kisiki kama sindano ya kushonea magunia, umetoka nyuma ya mguu umenyooka, karibu urefu wa kidole chenyewe. Siku zote nimepita kwenye majani yale na sijawahi kujua kuna mguu wa namna ile. Kisha akashuka, na majani yalikuwa yamelala kwa umande, akapita juu yake kabisa, hakuzama.

Mbavu nilizitazama pia. Njano mpaka chini ya bawa, kaka wa Saadani, kama ulivyosema.

Kinda yupo. Anaruka sasa lakini vibaya, anaruka kidogo anaanguka majanini. Mzazi anamletea panzi, na mara moja alileta vunjajungu mzima akampigapiga chini kwanza mpaka akatulia ndo akampa.

Kuhusu kuchoma, mjomba huwa anachoma mwezi wa nane ili majani mapya yaote. Nikamwonyesha picha kwenye simu na kumwelezea habari za Linnaeus na Marekani, akasikiliza kimya, akasema yeye alijua siku zote kwamba huyu ndege hajatoka popote. Alafu akanichukua akanipeleka upande wa lambo ambako mimi sijawahi kufika, akanionyesha jozi nyingine, na akanionyesha kwa fimbo mahali walipotaga mwaka jana na mwaka juzi. Anavijua vyote. Amesema mwaka huu kama wamiliki watakuwa hawajaanza, ule upande wa lambo hatauchoma.

Rekodi nimeshaituma, watu wazima wanne, kinda mmoja. Nimeandika na maneno ya mjomba kuhusu viota vya miaka ya nyuma.

Kijana_wa_Bweni

Hongera sana ndugu yangu. Mkwaja nimemwona mmoja, mbavu njano, croceus. Nimeandika tarehe na saa.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu nataka kumwona mjomba wako. Nimefundisha miaka yote ile na sijawahi kumpata mtu anayekumbuka kiota kwa kiota. Jumamosi unaweza kunipitia? Nina daftari tupu, nataka ayaseme yote niandike kwa mkono wangu, kila jozi na mahali pake, kabla vigingi havijafika lamboni.

Mtoto_wa_Kaole

Nitakupitia mwalimu, saa kumi na moja na nusu alfajiri niko mlangoni kwako na bodaboda. Vaa buti ndefu, majani yana maji mpaka magotini na kupe ni wengi upande wa lambo. Mjomba nimeshampigia, anasema uji atapika yeye.